Qamutiik ya darasa la tisa: shajara ya kuunda sleji ya kamba, Iqaluit

Nafundisha hesabu na sayansi Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada. Kwetu ni Lamu. Mwaka huu darasa la tisa limeamua kuunda qamutiik, ile sleji ndefu (chombo cha theluji kisicho na magurudumu) ya Wainuit, wenyeji wa asili wa huku, inayoburutwa na mbwa au skidu, yaani pikipiki ya theluji, ili mwezi wa nne tuipakie mahema twende ziwani kuvua. Shajara hii ni ya yeyote atakayetaka kuunda yake. Naongeza habari kila hatua inapokamilika. Palipokwenda sawa napita upesi, palipoharibika ndipo ninapokaa.

Umbo lake ni hivi: mbao mbili ndefu zimesimama kwa ubavu, nitaziita miguu, na juu yake zimekingamishwa mbao fupi nyingi, nitaziita mataruma. Miguu yetu ni mita 3, ubao wa inchi 2 kwa 8. Mataruma ni 17, ya inchi 1 kwa 4, kila moja sentimita 75, na kati ya moja na jingine pana nafasi ya vidole vitatu.

Septemba 28. Mbao

Iqaluit hakuna mti hata wa dawa. Barabara ya kwenda mji mwingine hakuna pia. Ipo moja inayoitwa Road to Nowhere, na jina halidanganyi. Kila ubao ulioko hapa umeletwa na meli kati ya Julai na Oktoba, kabla bahari haijaganda, na bei ya dukani inakukumbusha safari hiyo.

Kwa hiyo wenyeji wakitaka mbao hawaanzii dukani, wanaanzia kwenye makreti. Mizigo ya melini hufungwa kwenye makreti makubwa, na mzigo ukishatolewa mbao zake huishia kuwa vibanda vya uvuvi, vibaraza na qamutiik. Kontrakta mmoja aliturushia ruhusa kwa simu tukabomoe ya kwake. Tulikwenda na mitaimbo baada ya vipindi, tukarudi na mataruma yote na akiba juu. Miguu ndiyo iliyotutoa jasho, kwa sababu makreti hayana ubao wa mita 3 ulionyooka usio na vifundo. Miguu nilinunua: dola 110 za Kanada kwa mbao mbili.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa misumari. Ubao wa kreti unaonekana safi, kumbe msumari umekatikia ndani. Kisu cha randa kilipita juu ya mmoja kikatoka na pengo, na tukapoteza kipindi kizima kukinoa. Siku hizi hakuna ubao unaofika mezani kabla ya kupitishiwa sumaku ya maabara pande zote. Mwanafunzi mmoja amejipa cheo cha afisa wa sumaku, na hakuna anayethubutu kumpita.

Hitilafu ya pili sikuitazamia. Mbao za miguu zilikaa darasani, penye joto la nyuzi 20. Hewa ya huku ni baridi, na hewa baridi haibebi unyevu. Ukiiingiza ndani ukaipasha moto inakuwa kavu kupita kiasi na inaufyonza ubao. Mmoja ulipasuka kuanzia kwenye ncha, ufa wa shubiri nzima. Mtu aliyekulia pwani, ambako adui wa mbao ni unyevu na mchwa, hakufikirii kabisa kukausha kupita kiasi. Nimenunua ubao mwingine kwa dola 55. Mbao zote sasa zinakaa kwenye kontena nje, na ncha zake zimepakwa rangi ili zisinywe wala zisitoe unyevu kwa haraka.

Oktoba 19. Miguu

Kukata hakuna la kusimulia: tulichora kiolezo cha kadibodi, mbele panyanyuke kwa mviringo wa taratibu, nyuma pachongwe kidogo, kisha msumeno na msasa.

La kusimulia ni mzee. Shule nyingi za Nunavut hualika wazee wafundishe ufundi wa asili, na Sheria ya Elimu ya Nunavut ya 2008 imeitaja pilimmaksarniq, yaani kupata ujuzi kwa kutazama na kutenda, miongoni mwa misingi yake. Nilikuwa nimeisoma kwenye mafunzo ya walimu wapya. Kuiona ni jambo jingine. Mzee aliingia karakana, akavua glavu, akaushika mguu mmoja, akaufumbia jicho akitazama kwa urefu wake. Akaulaza sakafuni. Akaukanyaga ncha ya mbele kwa kidole gumba cha mguu, ubao ukatulia kimya. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kuna nini. Hakujibu, alichukua randa.

Alipunguza mbao kuelekea ncha zote mbili, kidogo sana, akaacha katikati pana tumbo. Alipoukanyaga tena, ubao ulibembea. Hapo ndipo wanafunzi walipomzunguka na yule mkubwa wao akanifafanulia mimi: sleji yenye tumbo inageuka kwa wepesi, inazunguka juu ya sehemu ndogo ya katikati. Iliyonyooka kama rula inang'ang'ania njia yake, na skidu ikikata kona sleji inakuvuta pembeni. Tumbo letu ni la milimita 8 hivi. Mguu wa pili waliuranda wenyewe, mzee ameketi na chai.

Kwa mwalimu atakayekuja huku, jambo moja la darasani. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nauliza swali la ndiyo au siyo, mtoto ananitazama tu, nami narudia kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa amekwisha kujibu. Nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni siyo. Sasa nami nainua nyusi bila kujijua, na mama yangu kwenye simu ya video anauliza kwa nini namshangaa.

Novemba 16. Skrubu

Kamba iliyoagizwa ilikuwa haijafika, na ziwa la karibu lilikuwa limeganda vizuri. Tukaona tuyafunge mataruma kwa skrubu kwa muda, tuijaribu. Skrubu zilikuwa za chuma kigumu cheusi, zile za kufungia mbao za dari, dola 14 kwa boksi.

Tulipakia mifuko ya mchanga kilo 120 hivi. Kwenye theluji tambarare ilikwenda kama kawaida. Pepo za huku, hata hivyo, huichonga theluji ikawa na matuta magumu yaliyoelekea upande mmoja. Wasafiri wa zamani waliyatumia kujua njia, kwa sababu upepo unaoyachonga hauchezi mwelekeo. Sleji ikiyapanda kwa mshazari, mguu mmoja uko juu na wa pili chini, na umbo zima linataka kujinyonga. Tulisikia mlio mkavu. Kisha mwingine. Tuliporudi, skrubu saba vichwa vyake vilikuwa vimekatika, na taruma la mbele lilikuwa limepasuka kando ya tundu.

Tulikifanyia kisa hiki somo la sayansi. Skrubu ngumu haipindi: inastahimili mpaka pale inapokatika, na baridi inapunguza hata ule ustahimilivu kidogo iliokuwa nao. Kuongeza skrubu kungeongeza ugumu wa sleji, na ugumu ndio uliozikata. Kinachotakiwa ni kiungo kinachoteleza kidogo kisha kirudi mahali pake.

Mtu wa Lamu hapo alipaswa kuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Mtepe wetu, uliosafiri Bahari ya Hindi karne na karne mpaka ukatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Ukipigwa na wimbi au ukipwelewa ufukoni, mbao zake zinanyumbuka pamoja. Niliwachorea ubaoni: mbao, matundu, kamba. Binti mmoja akauliza kama kule kwetu pia kamba zilikuwa za ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Nikamweleza mnazi. Mnazi ulichukua kipindi kilichobaki.

Skrubu zote zimetolewa. Matundu yake yamezibwa kwa vijiti na gundi.

Desemba 14. Kamba

Kamba ya kwanza ilikuwa ile ya plastiki ya manjano inayouzwa kila duka, dola 22. Usiinunue. Inateleza, fundo linajilegeza lenyewe, na kwenye baridi inakuwa kama waya, hairudi ulipoikunja. Tulifunga upande mmoja wote, na asubuhi yake ungeweza kuyachezesha mataruma kwa kidole.

Ya pili ni nailoni iliyosokotwa ya kushonea nyavu, nene kama penseli nyembamba, mita 100 kwa dola 74. Hii ndiyo. Zamani ingekuwa ukanda wa ngozi ya ujjuk, sili mkubwa mwenye sharubu, na bado wapo wanaoutumia.

Namna ya kufunga: kila mwisho wa taruma umekatwa pengo pande mbili, shingo ya kushika kamba. Chini yake, kwenye mguu, pana tundu sentimita 4 kutoka ukingo wa juu. Kamba inapita tunduni, inapanda inakamata shingo, inashuka, inarudi tunduni, mizunguko minne, kisha inazungushiwa yenyewe katikati ili ijikaze, halafu fundo. Kila kiungo kinakula mita 2. Viungo ni 34. Darasa lilipiga hesabu likaona mita 68, likataka kujua kwa nini nilinunua 100. Wakati tunafungua na kufunga upya hakuna aliyeuliza tena.

Matundu yawe na kingo laini. Tundu lililotoboka kwa keekee lina ukingo mkali, na ukingo huo unaisugua kamba kila sleji inaponyumbuka. Tuliyasugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kisha tukayapaka nta ya mshumaa. (Vichwa vya keekee: dola 18.)

Mzee alitupa jambo moja ambalo peke yangu nisingelifikia. Aliomba beseni la maji ya uvuguvugu akatumbukiza kamba, akafunga ikiwa imelowa. Ngozi ya sili hufungwa hivyo, ikikauka inajikaza. Nilidhani kwa nailoni ni mazoea tu. Kumbe nailoni nayo hurefuka ikinywa maji na hufupika ikikauka. Viungo vyake vya siku ile ukivipiga kwa ukucha vinalia. Vyetu vilivyofungwa vikavu vilikuwa kimya, tukavifungua vyote.

Kazi imechelewa kwa sababu ya mitihani na kwa sababu ya giza. Siku hizi jua linachomoza saa 3 na dakika 20 asubuhi na saa 7 na dakika 40 mchana limekwisha zama. Naingia shule usiku na natoka usiku. Juzi pia tangi la nyumbani lilikauka kabla ya lori la maji kufika (ardhi hapa imeganda kiasi kwamba nyumba nyingi zinasubiri maji ya lori), nikaja kunawa mikono ya gundi karakana.

Januari 25. Plastiki

Chini ya kila mguu unatakiwa utepe wa plastiki ngumu nyeupe, ile poliethilini nzito, upana sentimita 5 na unene milimita 12. Inateleza na haivunjiki kwa baridi. Iliagizwa kusini: dola 240, na ndege dola 95. Skrubu safari hii ni za chuma cha pua, dola 17, na vichwa vyake vimezamishwa ndani ya plastiki.

Tuliifunga karakana Ijumaa, kwenye joto, ikakaa barabara. Jumamosi tuliitoa nje. Jumatatu asubuhi tumbo lilikuwa halipo. Mguu ulikuwa umejikunja kinyume, ncha zikigusa theluji na katikati pamenyanyuka, na skrubu za mwisho zimeyararua matundu yake.

Niliacha somo la siku hiyo nikaandika ubaoni: mita 3, tofauti ya nyuzi 50, kutoka 20 za ndani hadi 30 chini ya sifuri. Ubao kwa urefu wake hata milimita moja hausinyai. Plastiki hii, kwa viwango vinavyotolewa, inasinyaa kati ya sentimita 2 na 3. Kijana ambaye tangu Agosti hajanyanyua kalamu bila kuombwa alipiga hesabu mara mbili, kisha akatoka nje na utepe wa kupimia, akarudi na theluji kwenye nyusi: sentimita 2 na milimita 4. Sijawahi kupata somo la upanuzi wa vitu lililosimama namna hii.

Marekebisho: skrubu za puani, kwenye mviringo wa mbele, zimekazwa kabisa, kwa sababu ndizo zinazopokea vishindo. Nyingine zote zimewekewa matundu marefu badala ya duara, yanazidi urefu kadiri unavyokwenda nyuma, na skrubu zimekazwa kisha zikalegezwa robo mzunguko. Plastiki inavutwa na kurudi bila kuupinda ubao. Na tuliifunga upya ndani ya kontena, kwenye baridi ileile itakayofanyia kazi, tukipokezana kila dakika kumi kwenda kupasha vidole. Mviringo wa mbele tuliukunja kwa maji yanayochemka yaliyomiminwa juu ya taulo.

Tumbo limerudi. Mzee alikuja, akalikanyaga, likabembea, akaondoka.

Februari 22. Ufukoni

Mara ya kwanza kwenye barafu ya bahari. Tulikuwa watu wazima tu, na kiongozi ni mwenzetu Mwinuit aliyekulia kwenye ghuba hii. Yeye ndiye mwenye bunduki, kwa ajili ya dubu, na yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Frobisher Bay, ndiyo ghuba yenyewe, ina maji ya kupwa na kujaa ambayo mimi mtoto wa pwani sikuwahi kuyaona. Wakati wa bamvua kubwa tofauti inafika mita 11. Kwetu mita 3 na kidogo tu zinatosha kuliacha jahazi limelala ubavu. Sasa fikiria bahari imeganda na maji bado yanapanda na kushuka chini yake mara mbili kwa siku. Ya katikati ya ghuba inapanda na kushuka kwa pamoja, tambarare. Ya ufukoni imeshikana na mawe, haiwezi, kwa hiyo inavunjika, inarundikana mabonge makubwa kuliko gari, inaganda tena, inavunjika tena. Kila msafiri lazima auvuke ukanda huo. Maji yakijaa barafu inanyanyuka ikakaribia usawa wa nchi kavu, lakini nyufa zinabubujika maji ya chumvi. Yakipwa, unateremka genge. Niliangalia mwezi, nikasema twende siku za maji mafu, kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo. Mwenzetu aliinua nyusi, na hiyo ikawa mara yangu ya kwanza kuwa na la maana la kusema juu ya bahari ya huku.

Hapo qamutiik ilionyesha faida ya kamba. Ilipanda bonge mguu wa kushoto, wa kulia uko shimoni, nikayaona mataruma yakijipanga kama ngazi iliyopinda, kisha ikatua na kunyooka. Tulikagua viungo vyote. Kimoja tu kilikuwa kimelegea.

Kilichoshindwa ni kamba ya kukokotea. Ilikuwa mita 3. Kwenye mteremko wa kurudi sleji ilikuja kasi kuliko skidu ikaipiga kwa nyuma, na taa ya nyuma ikavunjika. Sasa ni mita 8 kwa barafu wazi, na imefungwa kwenye kamba yenye umbo la V iliyopita matundu ya mbele ya miguu yote miwili, si kwenye taruma. Kwenye mawe tunaifupisha. Kwenye mteremko mkali tunavisha mnyororo kwenye pua ya mguu mmoja, uburute chini yake uwe breki.

Jambo jingine, na hili ndugu zangu mlio weusi mlisome mara mbili. Mafunzo yote ya usalama niliyopewa yanasema mwangalie mwenzako usoni, ukiona doa jeupe ngozi imeanza kuganda. Kwenye shavu langu hapakuwa na weupe wowote. Palikuwa na kijivu kilichofifia, na mwenzangu alinitazama akasema niko sawa. Nililijua kwa kugusa: ngozi ilikuwa ngumu na haisikii. Dawa yake ni kiganja kitupu chenye joto, kitulie juu yake, bila kusugua na bila theluji. Ilipona, ikachubuka wiki moja. Tangu siku hiyo kanuni ya darasa letu ni kubonyeza shavu. Kutazama peke yake hakutoshi.

Machi 15. Boksi na barafu ya miguu

Boksi la plaiwudi, nusu ya urefu wa sleji, limefungwa kwa mikanda ili litolewe tukitaka. Plaiwudi dola 98. Hakuna la ziada isipokuwa hili: liwe na mwanya chini, theluji inayoingia itoke.

Wanafunzi walitaka kujaribu ya wazee. Kabla ya plastiki, miguu ilikuwa inapakwa udongo wa mboji uliolowa, unaganda, unachongwa laini, kisha fundi anajaza maji ya uvuguvugu mdomoni, anayapuliza kwenye kipande cha ngozi ya dubu na kuyapitisha juu yake kwa mkono mmoja bila kusita, mpaka pana utando mwembamba wa barafu inayong'aa. Kwenye baridi kali huo ndio unaoteleza kuliko vyote, kwa sababu theluji ya baridi kali inakwaruza kama mchanga. Magharibi zaidi, Wanetsilik waliokosa mbao waliwahi kuviringisha samaki ndani ya ngozi zilizolowa, zikagandishwa kuwa miguu ya sleji.

Tulitengeneza kipande cha majaribio cha mita moja. Udongo wa maua wa dukani haukushika hata kidogo, una vipande vya mbao na chembe nyeupe za povu. Barafu iliyowekwa moja kwa moja juu ya plastiki ilibanduka kwa pigo la kwanza. Tumeacha hapo mpaka majira ya joto, tukachimbe udongo unaofaa.

Ni Ramadhani. Watu wananiuliza tunafungaje saumu huku. Mwezi wa sita ni balaa, jua karibu saa 21 angani. Lakini katikati ya Machi mchana ni saa 12 Iqaluit na saa 12 Lamu, hakuna tofauti. Msikiti wetu, uliofunguliwa 2016, unajaa, na futari ina sambusa na samaki wa huku aina ya char kwenye sahani moja. Kupiga randa nikiwa nimefunga ndiko nilikokuacha, naranda baada ya futari.

Aprili 19. Ziwani

Tumekwenda, tumelala, tumerudi salama. Sleji ilibeba mahema mawili, majiko, mafuta, chakula na wanafunzi wawili kwa zamu ndani ya boksi, nyuma ya skidu ya kiongozi. Skidu nyingine zilibeba watu. Kwa leseni: Mwinuit anavua kwa haki ya Mkataba wa Nunavut wa 1993 bila kulipia. Mimi nililipa yangu, na wanafunzi waliifurahia hiyo njia nzima.

Kilichotukwamisha hakikuwa sleji. Keekee ya barafu tuliyoazima iliishia kwenye mpini na bado hatujafika majini, kwa sababu barafu ya ziwa mwezi wa nne inapita mita moja na nusu. Hatukuwa na kipande cha kuirefusha. Tulimalizia kwa tuuq, mtaimbo wa barafu, wawili wawili, tukipanua shimo juu ili mkono upate nafasi chini. Shimo la kwanza lilichukua asubuhi nzima. Anayenakili mradi huu aazime na kirefusho.

Samaki walikuja mchana, jua likiwa kali hata miwani haikutosha. Char wa kwanza alikatwa palepale akagandia mikononi, akaliwa mbichi kwa mchuzi wa soya. Mimi pia nilikula. Ana ladha ya baharini bila shombo, na meno yanauma kwa baridi kabla ulimi haujaamua.

Hali ya sleji baada ya safari: viungo 3 kati ya 34 vimelegea, vyote vya nyuma, chini ya boksi, ambako uzito umekaa mahali pamoja. Vimefungwa upya kwa kamba iliyolowa. Plastiki ya mguu wa kushoto ina mkwaruzo mrefu wa jiwe, kina milimita 4, inaweza kwenda msimu mmoja zaidi. Matundu marefu hayajararuka. Taruma la tatu limepasuka kwa kifundo, limebadilishwa kwa la akiba kutoka kwenye makreti, dakika ishirini, bila kugusa mengine.

Gharama zote kwa dola za Kanada: mbao za miguu 165 pamoja na ule uliopasuka, kamba ya manjano isiyofaa 22, nailoni 74, plastiki na ndege 335, skrubu za aina mbili 31, vichwa vya keekee 18, plaiwudi 98. Jumla 743. Anayeanza leo akiacha skrubu nyeusi na kamba ya manjano, na akihifadhi mbao zake nje, ataokoa 91.

Kilichobaki ni breki ya pili na turubai la kufunika mzigo. Plastiki ya kushoto itakuja na meli ya Julai, na iko kwenye oda ya shule, mwalimu atakayepokea darasa aisaini. Violezo vya kadibodi vya mguu na shingo ya taruma viko kabati la karakana, rafu ya juu, vimeandikwa vipimo kwa sentimita. Sumaku irudishwe maabara.